Nyumba ya Kamba na Vigingi

Nyumba ambayo Tume ya Fidia ilimpa Timazi ilikuwa nyeupe, imara na ndogo, nayo ilisimama katika kona ya kiwanja kipana kama mtoto aliyeamriwa kusimama pembeni. Ilikuwa na vyumba viwili, jiko lenye bomba la maji, na milango ya mbao yenye vitasa vinavyong'aa. Kila kilichokuwamo kilikuwa kipya. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mwenyewe hakuishi ndani yake.

Jina la Timazi alipewa zamani na waashi wenzake, kwa kuwa kuta zake zilisimama wima kama uzi wa timazi, kile chuma kizito ambacho waashi hukining'iniza ili kupima unyoofu wa ukuta. Kisha akatokea shahidi aliyeapa kuwa alimwona akitoka mbio katika duka ambamo mlinzi alikuwa ameuawa. Timazi alifungwa. Nywele zake ziligeuka mvi gerezani, na mkewe alizikwa yeye asiwepo. Hatimaye shahidi yule, akiwa taabani kitandani, alimwita wakili akakiri kwamba siku ile hakumwona mtu yeyote. Mahakama ikamwachilia Timazi. Tume ikampa nyumba, ikamwekea mshauri wa kuzungumza naye, kisha ikamwuliza anahitaji nini zaidi.

"Sina haja," alijibu, akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyozoeshwa.

Tangu alipoletewa ufunguo, alilala mkekani katikati ya kiwanja, juu yake hakuna kitu ila mbingu. Kila kulipopambazuka alikunja mkeka na kuanza matembezi yake. Alikwenda hatua chache, akasimama, akapangusa nyayo zake penye majani matupu. Alisukuma hewa kwa kiganja, akainamisha kichwa, akainua mguu kana kwamba anavuka kizingiti. Kisha alikata kushoto, akapapasa kitu kisichoonekana, akatabasamu. Ukungu wa asubuhi ulimfunika hadi magotini, hata mtu angedhani anaelea.

Dada yake, mwalimu mstaafu aliyehamia kwake ili amtunze, alimtazama akiwa katika dirisha la nyumba nyeupe. Hakupenda mambo yasiyokuwa na maelezo. Hata hivyo, matembezi yale yalikuwa na utaratibu: Timazi hakukosea njia, wala hakukata kushoto pale alipokata kulia jana yake.

Wiki ile mawingu yalianza kurundikana, na kikohozi cha Timazi kikazidi. Ndipo alipokuja afisa wa ustawi, binti mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Mzee bado analala nje?"

"Bado."

Afisa alivuta pumzi. "Mvua zinakuja, Mama. Nyumba hii ilitolewa ili mtu aishi ndani yake. Nikirudi nikamkuta bado yuko nje, Tume itampeleka makao ya wazee, na nyumba atapewa mwingine aliyefunguliwa, ambaye hana hata pa kulaza ubavu. Wala si mimi. Ndivyo kanuni ilivyo."

"Hayo makao yana lango?"

"Yanalo."

"Hufungwa?"

Afisa aliangalia viatu vyake. "Jioni, ndiyo. Kwa usalama wao."

"Hata kule alikotoka kulifungwa kwa usalama," alisema mwalimu. "Usalama wa watu wengine."

Asubuhi iliyofuata alimpelekea ndugu yake chai, akikatiza kiwanja moja kwa moja, kikombe mkononi.

"Dada!" Timazi alipaza sauti kwa mshtuko wa kweli. "Unapita ukutani!"

Mwalimu aligutuka, akasimama. Chai ilimmwagikia vidoleni. Angeweza kumkaripia, maana ulimi wake ulikuwa tayari. Badala yake alitazama chini, akayaona majani yaliyolala kwa kukanyagwa, yamefanya mistari iliyonyooka na pembe zilizokaa sawasawa. Kazi ile aliifahamu.

"Niwie radhi," alisema. "Mlango uko wapi?"

Timazi alimkodolea macho kwa muda. "Huku. Pangusa miguu. Nawe inama, kizingiti cha juu nilikishusha mno mwaka ule nilipokuwa na homa, sijapata nafasi ya kukirekebisha."

Mwalimu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuinama mbele ya mtu ila kwa Mola wake, aliinama. Akaingia.

Ndani palikuwa na ubaridi. Labda ulikuwa upepo tu wa mvua iliyo njiani, lakini aliuhisi kama ubaridi wa nyumba yenye kuta nene. Timazi alimtembeza sebule, akamwonyesha dirisha linaloelekea machweo, na chumba cha marehemu mkewe, ambacho hakikuwa na kitu ila rafu ya khanga. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kuwaamsha waliolala. Kila tofali alikuwa amelipanga kwa mawazo, saa za kuhesabiwa wafungwa, saa za foleni, saa zisizokuwa na jina. Siku walipomnyima jua alijenga veranda.

Binti wa Timazi alipofika alasiri kumjulia hali baba yake, aliwakuta wawili hao wameketi katikati ya kiwanja wakinywa chai.

"Shangazi," alinong'ona, akimvuta pembeni, "nawe umeanza?"

"Kwanza, toka juu ya kochi," shangazi alimjibu. "Pili, kamwombe baba yako akuonyeshe chumba chako."

Binti aliguna. Lakini alikwenda, maana shangazi yake hakuwa mtu wa kuombwa amri yake aifafanue.

"Hapa palikuwa na kitanda kidogo," Timazi alimwambia, akionyesha kwa mkono. "Nilikuacha ukiwa mtoto. Kisha nikakadiria kuwa umekua, nikakirefusha kitanda. Dirisha nikalipandisha kila mwaka, ili ukisimama uone barabara. Nilipopata habari kuwa umeolewa, nilibomoa ukuta huu nikausogeza. Nilifikiri mumeo ni mtu mrefu."

"Ni mfupi, Baba." Binti alipima kwa mkono usawa wa sikio lake. "Mfupi kunishinda hata mimi."

"Basi ana nafasi ya kujinyoosha."

Binti alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Alikaa chini pale penye kitanda chake, akaegemeza mgongo mahali ambapo baba yake alisema pana ukuta. Haukumwangusha, kwa sababu Timazi alikuwa amepiga magoti nyuma yake, akamkinga kwa bega.

Kesho yake mwalimu alimtuma binti dukani akanunue bunda la kamba na kifurushi cha vigingi. Yeye mwenyewe alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na timazi ya chuma, ileile ya ndugu yake, imepakwa mafuta isishike kutu.

"Mwashi hajengi kabla ya kupiga kamba," alisema. "Au mambo yamebadilika?"

"Hayajabadilika," Timazi alijibu, akiupima kiganjani ule uzito.

Walifanya kazi hadi adhuhuri. Timazi alipiga vigingi, akavuta kamba, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. "Vuta! Legeza! Aa, mwanangu, hiyo ni kamba ya kuanikia nguo au ya msingi?" Ilikuwa sauti ambayo dada yake hakuisikia tangu ujana wao, sauti ya mtu anayejua anachokitaka. Kidogo kidogo nyumba ikaota kutoka ardhini, nyembamba kama utando wa buibui: sebule, vyumba, ukumbi mrefu, veranda.

Mwalimu aliizunguka yote, akiingia kwa mlango na kutoka kwa mlango. Alipomaliza, alishika kiuno.

"Nyumba nzuri," alisema. "Jiko liko wapi?"

Timazi alifungua kinywa. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akahesabu vyumba kwa kidole. Alikwenda hadi mwisho wa ukumbi akarudi.

"Kule chakula kilikuja chenyewe," alisema polepole. "Kilikuja mlangoni, ndani ya bakuli. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kinatoka wapi."

Kisha mwalimu alicheka, kicheko kikubwa kisicholingana naye, hata akashika kigingi asianguke. "Mwashi mzima! Umejenga veranda, umejenga rafu ya khanga, halafu tungekula nini? Upepo?"

Timazi naye alicheka. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka tena. Na walipokuwa katika hali hiyo, tone la kwanza la mvua lilimdondokea mkononi.

Alinyanyua macho. Akautazama ukumbi wake, ambao ulinyooka kuelekea kona ya kiwanja na kukoma ghafla bila ya sababu. Mbele ya ukomo ule, hatua chache tu, ulikuwapo mlango wa nyuma wa nyumba nyeupe. Ulikuwa mlango wa jikoni.

Alichukua kamba iliyobaki. Akaifunga kwenye kigingi cha mwisho, akaivuta, akaipitisha chini ya mvua iliyokwisha kuchanganya, hadi kwenye mwimo wa mlango ule. Akapangusa nyayo, akainamisha kichwa, akaingia.

Dada yake na binti yake walimfuata mbio, wakipitia ukumbini. Walimkuta amesimama mbele ya jiko, maji yakimchuruzika, akipapasa ukuta.

"Aliyepiga lipu hapa alikuwa na haraka," alisema. "Lakini jiko linafaa. Birika liko wapi?"

Usiku ule alitandika mkeka wake jikoni, karibu na joto, mlango akiuacha wazi, ukitazamana na ukumbi.

Afisa wa ustawi alirudi katikati ya mvua, mwavuli mkononi. Alikuta kiwanja kimejaa kamba zinazodondoka maji, akainua mguu ili azivuke.

"Afisa!" sauti ilimjia kutoka jikoni. "Mlangoni, tafadhali!"

Alisita. Akamwona mwalimu dirishani, amekunja uso kwa namna isiyoruhusu mjadala. Basi akazunguka. Akapangusa viatu, akainama na mwavuli wake, akaufuata ukumbi hadi jikoni, ambako Timazi alikuwa akimimina chai.

"Mzee," alisema alipokwisha kuketi, "kwa hiyo sasa unaishi ndani?"

"Naishi jikoni. Nyumba bado."

Afisa alitazama mkeka mkavu kando ya jiko, akatazama kamba kule nje.

"Jiko ni sehemu ya nyumba," alisema hatimaye. "Nitawaambia hivyo Tume. Nitawaambia huhami." Kisha akauliza lile swali la Tume, ambalo mara ya kwanza Timazi alilijibu kuwa hana haja. "Na je, unahitaji nini zaidi?"

Mikono ya Timazi haikwenda nyuma. Mmoja ulishika birika, wa pili ulikuwa juu ya meza.

"Matofali," alisema. "Saruji. Mchanga wa mto, si wa pwani, ule una chumvi. Mbao nitachagua mwenyewe."

"Tume haijawahi kuombwa matofali, Mzee."

"Basi imeombwa," alisema mwalimu.

Afisa alimaliza chai yake, akaaga, akachukua mwavuli. Alipofika mlango wa jikoni aligeuka na kushika kitasa ili aufunge, kama mtu yeyote mwenye adabu amwachaye mgonjwa wa kikohozi wakati wa mvua.

"Uache tu," Timazi alimwambia kwa upole. "Huo haufungwi."