Neno Ambalo Kokugonza Hakulieleza

Kokugonza hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikaa, mguu mmoja unatikisika na macho yanatafuta kosa la kusahihisha. Huenda ni miaka kumi na saba ya kufundisha baiolojia kule Nyanga iliyomfanya hivyo, lakini mama yake, Anatolia, husema alizaliwa hivyohivyo, anapiga mateke.

Lakini Ijumaa hiyo alikuwa na sababu. Saa tatu asubuhi mama yake angeingia chumba cha upasuaji kutolewa rovu, uvimbe wa shingo uliokuwa umekua polepole kule kijijini kwake Buganguzi mpaka sasa akilala chali anapumua kwa mlio wa filimbi. Daktari bingwa alikuja Bukoba kwa wiki moja tu, na kesho yake alikuwa anapanda ndege. Wakimkosa, ni mpaka mwakani. Koo la Anatolia halikuwa na mwaka mzima wa kungoja, na Kokugonza alilijua hilo vizuri mno.

Kwa hiyo aliapa kwamba kosa halitatoka kwake. Wiki nzima alitembea na daftari. Kila neno gumu daktari alilolitamka, alilidaka, akalimenya kama ndizi mbichi, akamwekea mama yake kwa Kihaya. Tezi ya shingo: kiungo kidogo kinachoendesha mwili, kasi ya moyo, joto, hata usingizi. Rovu: hiyo tezi ikishavimba. Biopsi: wanachoma sindano kwenye uvimbe, wanatoa chembe, wanaitazama kwa darubini kuona kama ni saratani. Wameitazama, si saratani. Lakini uvimbe unabana bomba la hewa, ndiyo maana unapiga filimbi. Nusu kaputi: unachomwa dawa, unalala, hata ukikatwa husikii, unakuwa kama umekufa, halafu wanakuamsha.

Kila neno Anatolia aliitikia, "Ee." Kokugonza akaweka alama ya vema pembeni, kwa kalamu nyekundu. Loo, ualimu huu!

Walilala nyumbani kwa Kokugonza, Kitendaguro. Saa kumi na mbili asubuhi akabisha hodi mzee Bartholomayo, mzee wa kanisa wa mtaa huo, amekuja kumwombea mgonjwa. Sala ikawa ndefu. Kokugonza alikuwa na roho juu, moyoni anahesabu dakika, na ile amina tu ikamkuta amesimama. Mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wowote wa Mhaya hufanya mgeni akiwa ndani: ukachukua kikapu kidogo cha amwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa za kutafuna, ukampa mgeni, ukampa mama, mwenyewe akatia moja mdomoni. Ndipo wakatoka mbio kutafuta gari.

Hospitalini nesi Joyness aliuliza, "Tangu saa sita usiku amekula au kunywa chochote?"

"Hata tone la maji," alijibu Kokugonza, kabla mama yake hajavuta pumzi.

Daktari wa usingizi, Dokta Rugemalira, alikuwa mtu mpole mwenye kurunzi ndogo. "Mama, fungua mdomo nione meno na koo." Akamulika. Akamulika tena. "Hivi vya kahawia ni nini?"

"Amwani," alisema Anatolia.

"Amwani si chakula!" Kokugonza aliropoka. Jamani, mwalimu wa baiolojia! Lakini nani katika Kagera yote amewahi kuihesabu amwani kuwa chakula? Ni salamu. Ni heshima ya mgeni. Mtu anaweza kutafuna tano halafu akasema, na asiwe mwongo, kwamba tangu asubuhi hajala.

"Tumbo halijui kwamba ni salamu," alisema daktari, bila ukali. "Nikimlaza, misuli yote inalegea, pamoja na ile inayofunga mlango wa tumbo. Kilichomo kinaweza kupanda kooni, kikaingia mapafuni. Watu hufa kwa hilo. Alikuwa wa kwanza, sasa namweka wa mwisho. Wako watatu mbele yake. Muda ukibaki, tutamfanyia. Siahidi."

Wakatolewa nje, wakae kwenye benchi la barazani. Kokugonza hakukaa. Alienda mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Akachungulia kila kitanda kilichosukumwa kupita, akahesabu: mmoja ameingia saa tatu na nusu, bado hajatoka, jamani wanamshona nini huko? Alimkasirikia mzee Bartholomayo na sala yake. Alimkasirikia nesi. Akaukasirikia mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, akatamani kuupiga kofi. Saa tano na nusu akaingia wa pili.

"Koku, kaa chini," mama yake alimwambia.

"Siwezi, Mae, mama yangu. Ni mimi nimekuua. Kikapu nilikishika mimi."

"Kaa, nimesema." Alipokaa, Anatolia aliongea akitazama ukuta. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Uliniambia nisile kitu chochote. Mimi si mtoto. Chochote ni chochote, hata amwani. Kikapu kilipofika kwangu nikaona kama mlango umefunguliwa. Nikasema, wakigundua watanirudisha nyumbani."

Kokugonza alimgeukia, mguu umeacha kutikisika. Hilo lilikuwa jipya kwake.

"Baba yako naye walimwambia atalala kidogo tu," Anatolia aliendelea. "Hakuamka. Wewe ulikuwa bwenini, ulikuta kaburi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi kama hili. Halafu unakuja na daftari, unaniambia nitakuwa kama nimekufa."

"Kwa nini hukusema hutaki?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikitaka kufungua mdomo, unaniletea neno jingine."

Hapo Kokugonza alilia, tena kwa sauti, na wagonjwa wengine wakageuka kutazama. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga ya mama yake, akaenda kwa nesi Joyness, akaomba ile fomu ya upasuaji waliyoitia dole jana. Akarudi nayo. Safari hii hakufungua daftari.

"Mae, kuna neno sikukueleza. Ridhaa. Jana nilikwambia weka dole gumba hapa ili wakutibu. Sivyo. Ridhaa ni kwamba umeelewa, umeuliza yako, na moyo wako umekubali. Na unaweza kukataa. Hata mlangoni pale, unaweza kukataa. Hakuna atakayekugombeza." Akamwekea fomu mapajani. "Wala mimi."

"Nikikataa?"

"Tunarudi Buganguzi. Rovu litazidi kubana, na siku moja hewa haitapita. Silifichi."

"Na nikilala?"

"Daktari wa usingizi hatoki. Anakaa kichwani pako mwanzo mpaka mwisho, anaangalia pumzi zako moja moja. Niliposema kama kufa, nilisema ovyo. Ila kukuahidi kwamba utaamka, siwezi. Wengi sana huamka. Baba hakuamka."

Anatolia hakuitikia "Ee". Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Akauliza kovu litakuwa wapi. Akauliza kama sauti itabaki. Akauliza nani atawapa kuku maji. Kokugonza alijibu alichoulizwa, hakuongeza kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi kuliko kulima.

Saa nane kasoro robo nesi Joyness alitokea mlangoni. "Mama Anatolia, muda umepatikana. Uko tayari?"

Ulimi wa Kokugonza uliruka. Akauma meno, akaubana humo ndani. Mguu wake ulitikisika mpaka benchi likagonga ukuta. Moyoni alikuwa anapiga kelele: sema ndiyo, Mae, sema ndiyo.

Anatolia alimgeukia. "Leo hunijibii?"

Kokugonza alitikisa kichwa.

Basi mama yule akafungua fundo la kanga yake taratibu, akatoa punje moja ya amwani, akamwekea bintiye kiganjani. "Asubuhi nilichukua mbili. Hii nitunzie. Nikiamka nitaidai." Akamgeukia nesi. "Lete wino. Dole la jana lilikuwa la huyu."

Akachovya, akagandamiza kidole kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, akaingia kwa miguu yake. Kitanda cha kusukumwa alikikataa.

Kokugonza alibaki barazani. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Punje ililowa jasho kiganjani. Hakuitafuna.

Saa moja jioni walimwita. Anatolia alikuwa amelala chali, shingo imefungwa bandeji nyeupe, na pumzi inapita kimya. Kokugonza aliinama kusikiliza ile filimbi aliyoizoea, asiisikie, akaogopa mpaka alipoona kifua kinapanda na kushuka. Macho ya mama yake yakafunguka nusu. Mkono ukatoka chini ya blanketi, kiganja wazi, ukangoja.

"Bado, Mae," alisema Kokugonza huku anacheka na kulia. "Mpaka daktari aruhusu."

Kiganja hakikujikunja.