Risasi Iliyochaguliwa na Farasi

Mume wangu Lorne na jirani yetu Nestor Hryciuk walikuwa hawajaua hata kindi mmoja, na bado kila mtu kutoka kwetu hadi mjini Kettle Slough aliwaita wawindaji. Walikuwa wanachagua risasi. Walianza kuchagua mwaka ule Olha, mke wa Nestor, alipofariki, na theluji iliendelea kuja na kuyeyuka, wao wanachagua tu.

Kindi wa kwetu hawapandi miti. Miti yenyewe hatuna. Wanachimba. Wanaishi chini ya ardhi ukoo mzima, wanachomoza vichwa na kupiga mluzi, na kila shimo wanaloacha linangoja mguu wa farasi. Mimi nina farasi jike mmoja, Pansy, mzee, mwenye roho nzuri kunishinda. Malisho yake yalitobolewa kama chujio, ikabidi nimfungie zizini nyuma ya nyumba, akawa anakula majani makavu ya kununua huku akinitazama kama mfungwa anavyomtazama askari jela. Nilichotaka ni malisho yangu. Sikutaka elimu.

Lakini elimu ndiyo niliyopewa, kila asubuhi, mezani kwangu. Lorne alikuwa mtu wa Kumi na Saba, risasi nyembamba kama kijiti cha kiberiti, isiyo na kelele nyingi. Nestor alikuwa mtu wa Mia Mbili Hamsini, yenye ganda nene lililojaa baruti, inayofika mbali na kusikika mbali zaidi.

"Hiyo Kumi na Saba yako, bwana, upepo ukikohoa tu inahamia mkoa wa Manitoba," Nestor alikuwa akisema, mdomo umejaa pai.

"Na hiyo yako ukiipiga hapa, ng'ombe wa wilaya nzima wanakauka maziwa."

"Afadhali kelele kuliko kumtekenya mnyama."

"Wewe hata kumtekenya hujamtekenya."

"Nitampigaje kabla sijaamua nampiga na nini? Mimi si mshenzi."

Baada ya hapo walitoka kwenda kupiga karatasi za shabaha. Walikuwa na meza yao ukingoni mwa malisho, na gagulo langu walikuwa wamelitundika kwenye nguzo ya uzio liwaonyeshe upepo unakotoka. Walipiga karatasi, wakaipima matundu, wakabishana, wakarudi kuipiga tena. Kindi hawakuchukua muda kuelewa kwamba wazee hawa wana ugomvi na karatasi. Wakawa wanakuja kukaa kando ya meza, wamesimama wima, mikono kifuani, kama wazee wa kanisa. Mmoja alizoea kula maganda ya mkate kwenye mfuko wa Nestor. Nilipomtupia kiatu, Lorne alinikemea. Alisema namharibia umakini.

Mtu atauliza kwa nini nilivumilia. Kwetu mtu haendi nyumbani kwa mwenzake bila shughuli. Anakuja kuazima spana, au kurudisha spana, au kuuliza kama umeiona spana. Akija kukuona tu, watu wanajua ama ana saratani ama ameokoka. Nestor ardhi yake aliikodisha baada ya msiba, hakuwa na trekta wala haja ya spana. Alikuwa na risasi. Kila asubuhi kahawa ikiwa haijachemka, pikapu yake ilikuwa uani, naye mlangoni anavua kofia. "Nimekuja kuhusu ile risasi," alisema, akakaa, akala kama mtu ambaye jana hakula. Hilo nililiona, tena vizuri. Lakini mwezi wa tano mwaka huu ninaousimulia nilikuwa na macho ya farasi wangu tu.

Pansy alifungua zizi kwa meno, akatoka mbio kwenda kwenye malisho yake, akatumbukiza mguu shimoni na kuanguka. Alisimama mwenyewe, mguu haukuvunjika, ila alichechemea, na mimi nilikaa kwenye tope nikalia kwa hasira. Kisha nikaingia jikoni hivyo hivyo na matope yangu.

"Chagueni," nikasema. "Sasa hivi."

"Mama, jambo kama hili halitaki pupa," Lorne akaanza.

"Lorne."

Nestor akaweka uma chini taratibu. "Shemeji, tatizo ni kwamba tuko wawili na kura ni mbili."

"Malisho ni ya nani?"

"Ya farasi," akakiri.

"Basi ataamua farasi."

Nilisema kwa kejeli. Wao wakatazamana, wakalipima lile neno, na naapa, wakaona ni haki. Nestor alikwenda kwake kuvaa tai. Aliporudi alitaka shayiri ipimwe kwa kikombe, pande zote mbili sawasawa, na mimi nishike kikombe kwa kuwa sina upande. Wakasimama mbele ya zizi, kila mmoja na risasi yake kiganjani juu ya fungu lake la shayiri. Pansy akaja akichechemea. Alinusa kiganja cha Nestor kwa muda mrefu, akapiga chafya juu ya ile tai, akageukia cha Lorne na kula shayiri yote. Angekula na risasi yenyewe kama Lorne asingefunga ngumi.

"Amesema," Nestor alisema. Akampa Lorne mkono.

Wiki hiyo hiyo Nestor naye alinunua Kumi na Saba, wakaanza kazi. Siku ya kwanza kindi walikuja kukaa kando ya meza kama kawaida yao. Ya siku hiyo sitayasimulia. Waliobaki walishika adabu, mwewe walinenepa, na wazee wangu wakazunguka na sepetu kufukia shimo baada ya shimo mpaka ardhi ikawa ardhi tena. Nestor alifukia la mwisho, akalishindilia kwa buti, akaifuta sepetu yake kwenye nyasi.

"Basi, shemeji," akasema. "Shughuli imekwisha."

Nilimfungulia Pansy geti. Alitembea hadi katikati, akajilaza na kujigaragaza miguu juu kama mtoto wa farasi. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu niolewe.

Asubuhi yake kahawa ilichemka na pikapu haikuja. Wala ya pili yake. Lorne alikunywa huku ametazama mlango.

"Ana kazi," akasema.

"Kazi gani? Hana hata kuku."

Zikapita siku nyingine, na nyumba ikawa kimya hadi nikaanza kusikia friji. Nikamwambia aende kumwona.

"Nikamwambie nini?"

"Umsalimie."

"Mtu mzima aendeshe maili mbili kusalimia? Atadhani umekufa."

Nikampigia simu Nestor mwenyewe. Nikamwambia aje anywe kahawa.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Njoo tu."

"Lorne anaumwa?"

"Haumwi."

"Ah. Basi kikitokea kitu niambieni, shemeji, nitakuja mara moja."

Tukaanza kuiona pikapu yake barabarani. Ilipita mbele ya geti polepole, mwenyewe ameinua kidole kimoja kwenye usukani, kama tunavyosalimiana sote huku, kisha ikaendelea. Barabara ile kutoka kwetu haiendi popote ila kwenye bwawa la bata. Baada ya muda ilirudi, kidole kikainuka tena. Lorne naye dirishani aliinua chake, akabaki amekiinua hata vumbi lilipotua.

Nilioka pai ya saskatuni, matunda yetu ya porini, nikachukua sahani moja iliyokuwa yangu, nikaenda kumrudishia.

Mlango wake ulikuwa wazi, wavu tu umefungwa, na ndani nilisikia watu wawili wanabishana. Nikashukuru, nikidhani amepata mgeni. Nikasogea. Nestor alikuwa peke yake mezani, na mbele yake amezisimamisha risasi mbili.

"Upepo ukikohoa tu inahamia Manitoba," alisema kwa sauti yake.

Kisha akasogea kwenye kiti cha pili, akakunja mikono kifuani kama Lorne. "Na hiyo yako, ng'ombe wanakauka maziwa," akasema, na ilikuwa sauti ya Lorne kabisa, hadi ile ya puani. Akarudi kwenye kiti chake. Alifikiri. "Hapo kweli umenishika," akasema.

Alikuwa anamwachia Lorne ashinde. Pai ilinichoma mikono nami sikuweza kuiweka chini. Nilitaka kulia na nilitaka kumtandika, yeye na mume wangu pamoja. Nikasukuma wavu kwa mguu.

"Nestor, nimekuletea sahani yako."

Aliitazama. "Si yangu hii, shemeji."

"Basi. Nina neno jingine." Sikuwa nalo. Nilitazama zile risasi, nikatafuta kichwani jina lolote, na lililokuja lilikuwa lile lililoandikwa kwenye boksi la risasi la marehemu baba yangu, ninamoweka vifungo. "Mmekosea nyote wawili. Risasi ya kindi ni Nyigu."

"Nyigu?"

"Nyigu."

Alivuta pumzi. "Shemeji, Nyigu ni ya babu zetu. Hata haijafika inaanza kushuka chini kama mlevi."

"Ndiyo maana inafaa. Kindi yuko chini."

Nilimwachia pai nikaondoka kabla hajapata jibu.

Kesho yake kahawa haikuwa imechemka. Pikapu ilikata kona getini kwa kasi hadi kuku wakaruka, na Nestor akasimama mlangoni, kofia mkononi, kwapani ana vitabu vya risasi.

"Nimekuja kuhusu ile Nyigu."

"Nyigu gani?" Lorne akauliza. Nestor akamweleza nilichosema, neno kwa neno. Lorne alinigeukia kana kwamba nimeuza shamba. Kisha akamvutia mwenzake kiti, wakakaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, wakanishambulia kwa zamu. Kasi, uzito, upepo. Sikuelewa hata robo. Nilimimina kahawa na kusema kwamba Nyigu ni Nyigu. Wakapandisha sauti, Nestor akala vipande vitatu vya keki bila kujua, na ilipofika saa sita akasimama akiwa mwekundu masikioni.

"Hili haliwezi kwisha leo. Wewe ni mbishi mno, shemeji. Itabidi nirudi kesho."

"Rudi, lakini mimi sibadiliki."

Lorne alimsindikiza hadi kwenye pikapu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasimama pale uani mpaka ilipopotea. Aliporudi ndani alichukua kikombe cha Nestor, akakiosha, akakifuta muda mrefu akiwa amenipa mgongo.

"Mama," akasema, "usije ukakubali."