Hotuba ya Alfabeti

Pale ofisini walimwita Kamanda, na si kwa sababu aliwahi kushika bunduki. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye programu yake moja ya kuandikia, kihariri cheusi kisicho na kitufe wala picha, na humo hakutoka asubuhi hadi jioni. Akitaka kujua tarehe, hakutazama ukutani. Aliandika alama ya mshangao na neno la amri, kompyuta ikatii, jibu likaja humo humo. Akitaka kuchapa karatasi, amri. Hata mkewe alipouliza jioni wale nini, alijibiwa kwa barua pepe kutoka ndani ya kihariri, na mama wa watu alishazoea.

"Anayetoka kwenye kihariri kwenda kutafuta amri," alipenda kusema, "ni kama mpishi anayetoka jikoni kwenda kuonja chumvi." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi yakamfika. Mkurugenzi alitangaza kwamba wafanyakazi wote watatumia programu moja, ile ya vitufe vya rangi, na kihariri cha Kamanda kitafutwa. Kamanda alinywea. Mwisho alikwenda kumwangukia bosi.

"Mkuu, nipe nafasi moja tu. Hotuba yako ya mkutano mkuu niandike mimi, kwa kihariri changu. Ikiharibika, kifute."

"Haya. Lakini ukiniaibisha, utafutwa na wewe."

Aliiandika kwa moyo wote. Kila sentensi aliipa mstari wake, kama wafanyavyo watu wa kompyuta ili kurekebisha kuwe rahisi. Hoja ya kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikaivuta ya tatu, ya nne ikafunga kazi. Chini kabisa akaorodhesha vyeo vya wageni rasmi.

Asubuhi ya mkutano mhazili alikuja mbio. "Kamanda, mkuu anasema wageni wafuate alfabeti. Mara iliyopita kuna walionuna kwa kutajwa mwisho. Fanya haraka, watu wameshakaa!"

Hapo ndipo jeuri ilipomponza. Mtu mwingine angewapanga kwa mkono. Kamanda alijinyoosha kitini, akasema, "Tazama hapa, dada," akaiamuru kompyuta ipange mistari kwa alfabeti, kisha akaiamuru ichape, yote bila kutoka kwenye kihariri na bila kutupia jicho karatasi. Mistari ya wageni alipaswa kuichagua kwanza. Hakuichagua. Amri ikalipitia faili zima, hotuba na wageni wake.

Ukumbini alikaa nyuma. Mkurugenzi alivaa miwani, akakohoa, akasoma: "Asanteni sana kwa kunisikiliza."

Watu wakapiga makofi. Kamanda alijificha nyuma ya kiti cha mbele yake.

"Hivyo basi, tumefaulu," mkurugenzi aliendelea kwa sauti nzito. "Kwanza, ni lazima tuondoe kikwazo kikubwa cha maendeleo yetu. Mwenyekiti wa bodi. Nne, tusirudi nyuma."

Mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa akisinzia, alisikia cheo chake, akashtuka na kupunga mkono. Akashangiliwa. Ya pili ikaja, ya tatu ikafuata, shehe wa mkoa akatajwa katikati yao, na watu wakaandika kila neno kwa makini.

"Waheshimiwa wageni," mkurugenzi alimalizia, "habari za asubuhi!"

"Nzuri!" ukumbi mzima ukaitikia, wakasimama kwa vifijo.

Baadaye mkurugenzi alimshika Kamanda bega, machozi yakimlengalenga. "Ndugu yangu, umenitoa kimasomaso. Sijawahi kusikilizwa namna hii. Kihariri chako hakifutwi ng'o! Na hotuba zote sasa ni kazi yako, ila zifuate mtindo huu huu."

Kamanda hakujua acheke au alie. Alirudi chumbani mwake, akafunga mlango, akatoa amri ya kutengua ule upangaji. Hotuba yake ya awali ikarejea, kila sentensi mahali pake. Akaisoma kwa sauti, polepole, akitafuta hata sehemu moja ambapo mpangilio wake uliongeza maana. Akaisoma tena. Ilimuuma sana, kwa kuwa sehemu hiyo hakuiona.

Akaipanga upya kwa alfabeti, akaihifadhi.