Kipande cha Mwisho cha Paneli ya Mwisho

Watu wa Nordby, mji mdogo wa Marekani, hawali kipande cha mwisho. Nimeishi nao miaka ishirini na mitatu, nimeolewa kwao, nimemzika mume kati yao, na sijawahi kumwona hata mmoja akinyoosha mkono kuchukua kipande cha mwisho cha kitu chochote. Kila Jumapili baada ya ibada tunashuka ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa, na mezani huwa kuna trei ya keki ya limau. Watu arobaini wanaishambulia kwa dakika kumi, mpaka kinabaki kipande kimoja. Hapo mikono yote inarudi mifukoni. Anakuja mmoja na kisu, anakata nusu, anakula nusu, anaacha nusu. Anakuja mwingine anakata nusu ya ile nusu. Mwishowe kinabaki kitu ambacho hata sisimizi angekipita, nacho kinafunikwa kwa heshima zote na kuwekwa kwenye friji ya kanisa mpaka kiote ukungu.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikila. Nilikuwa na njaa, nimetoka Iringa juzi tu, na kwetu chakula kikibaki kinaliwa. LaVonne Brekke, ambaye ndiye aliyeioka ile keki, alitabasamu tu akasema, "Haya, kumbe ulikuwa unakitaka." Walilizungumza jambo hilo miaka kumi na mmoja. Jina langu ni Twilumba, ambalo nalo walilikata nusu likawa Twila, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa Twila yule wa keki.

Kwa hiyo yale ya sola nilipaswa kuyaona yakija kutoka mbali.

Ninafanya kazi kaunta ya ushirika wa umeme. Aprili mwaka jana ushirika ulitangaza shamba la sola la pamoja: paneli mia mbili na arobaini kwenye uwanja wa nyuma ya maghala ya mahindi. Mwanachama anajiandikisha paneli mbili, tatu, nne, kulingana na umeme anaotumia, na kinachozalishwa na paneli zake kinapunguzwa kwenye bili yake, bila fundi yeyote kupanda juu ya paa lake. Sharti lilikuwa moja tu. Paneli zote ziwe na wenyewe kufikia Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana, la sivyo mradi mzima unahamia Halstrom, mji wa jirani, ambao ulikuwa wa pili kwenye foleni. Watu wa Nordby husema kwamba watu wa Halstrom wanachukua kipande cha mwisho pamoja na trei yake.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Arvid Tveit, mzee wa miaka themanini na mmoja. Alifika kabla sijafungua mlango. Arvid anaishi peke yake kwenye nyumba iliyofunikwa na mti mkubwa ambao mkewe, Delores, aliupanda mwaka waliooana. Ni ule mti wa utomvu mtamu. Kila Machi Arvid anautoboa, anaukinga utomvu kwa ndoo na kuuchemsha kutwa nzima mpaka unakuwa sharubati. Delores hayupo tena, lakini mti upo, na kivuli chake kinalala juu ya paa lote.

Mwanawe Rodney, aliyeko Minneapolis, alikuwa amechoshwa na bili za kupasha joto nyumba ile. Akamwambia baba yake achague: ama sola ya pamoja, ama paneli juu ya paa, na paneli za paa maana yake mti uondoke. Arvid alisema sawa, kwa sababu hapa kumwambia mtu hapana ni ukorofi. Rodney akamweka mtu wa msumeno wa injini tayari kwa Jumamosi saa mbili asubuhi, endapo shamba la pamoja lingeshindikana.

Arvid akachukua paneli nne. Wengine wakamfuata, na kufikia Ijumaa ya wiki iliyotangulia orodha iliyobandikwa ukutani ilikuwa na paneli mia mbili thelathini na tisa.

Imebaki moja.

Jumatatu asubuhi akaja LaVonne. Akaitazama orodha, akautazama mkoba wake, akaitazama tena orodha.

"Twila, nasikia imebaki moja."

"Imebaki moja. Nikuandikie?"

"Mimi? Wee! Nilikuwa napita tu."

"Una tatu, na matumizi yako yanaruhusu tano."

"Hapana, hapana. Kuna mtu anaihitaji."

"Nani huyo?"

"Sijui. Mtu." Akafunga mkoba, akaufungua tena. "Lakini kama haitamwudhi yeyote, labda ningechukua nusu."

Nilicheka, nikidhani anatania. Lakini Curtis Engebretson, meneja wetu, alikuwa amesikia. Curtis ni mtu mzuri mno, na huo ndio ugonjwa wake. Akatoka ofisini akijikuna shingo.

"Kompyuta inakubali nusu, Twila," akasema. "Mimi sioni ubaya."

Mimi niliuona, nao ulikuwa umesimama mbele yangu na mkoba.

Jumanne mchungaji Mardell Sather alichukua nusu ya ile nusu, akasema anafanya hivyo ili kuwaonyesha mfano waumini. Jumatano Duane wa maghala akachukua nusu ya kilichobaki, akaomba radhi. Alhamisi asubuhi wakaja dada wawili wa ukoo wa Nygaard. Walisukumiana kwa adabu robo saa nzima, "wewe chukua," "hapana, wewe," mpaka wakachukua pamoja nusu ya nusu ya nusu ya nusu na kuondoka wamenuniana. Nikachukua rula nikapiga hesabu ya kilichobaki. Kilikuwa na ukubwa wa trei ndogo ya chai. Ilipofika saa tano akapita mwalimu mkuu mstaafu, naye akakata, ikabaki sahani.

Mji mzima, wenye makanisa mawili, shule na kikosi cha zimamoto, ulikuwa unakaribia kupoteza mradi wa umeme kwa sababu ya sahani. Na kila aliyekata aliondoka amejaa sifa moyoni. Wanauita huo unyenyekevu. Mimi nauita majivuno yaliyovaa nguo za Jumapili, na siombi radhi.

Saa ya chakula cha mchana nikaenda kwa Arvid. Mtu wa msumeno alikuwa ameshafika kupima, na ameufunga mti utepe wa rangi ya machungwa kiunoni. Arvid alikuwa akiokota vijiti chini yake, na ndoo yake.

"Arvid, njoo ofisini uchukue kile kipande."

"Aa, mimi ninazo zangu nne."

"Ni sahani, Arvid. Kimebaki kipande sawa na sahani."

"Sahani nayo ni kitu. Kuna mtu anaweza kuihitaji."

"Wewe ndiye unayeihitaji! Kesho ikifika saa sita, keshokutwa huu mti ni kuni!"

Akaweka kiganja chake juu ya gome la mti, akakiacha hapo. Nilidhani nimempata.

"Delores hakuwahi kuchukua cha mwisho," akasema. "Maisha yake yote."

"Na unadhani angefurahi mti wake ukatwe?"

"Angeumia sana." Akafikiri. "Lakini angeona aibu zaidi mimi nikionekana mroho. Utakunywa kahawa?"

Hapa ukikaribishwa kahawa unakataa mara mbili, ya tatu ndiyo unakubali. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisema ndiyo papo hapo, na nikaongeza sukari bila kuulizwa.

Ijumaa kuanzia saa nne ofisi ilianza kujaa. Kila mtu alikuwa na shughuli. Mmoja amekuja kuuliza bei ya balbu, mwingine kubadilisha anwani ambayo hajawahi kuihama. LaVonne alikuja kulipa bili aliyokwisha kuilipa. Curtis aliweka boksi la donati, na mpaka saa tano na nusu donati ya mwisho ilikuwa imekatwa mara tatu. Wote walisimama wakiangalia ukutani na kuzungumzia mvua. Arvid alikaa kwenye kiti kilichoko karibu na mlango, kofia juu ya magoti.

Saa sita kasoro dakika kumi simu ikalia. Alikuwa meneja wa ushirika wa Halstrom, akiuliza kama tumeshamaliza, maana wao wako tayari. Curtis akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hamna shida kabisa," akasema. "Samahani kwa kuwasubirisha."

Samahani! Nilitamani kumrushia mashine ya kupigia mihuri.

Sasa niseme ukweli, maana nimewacheka wenzangu na mimi nilikuwa mle mle. Jina langu ningeweza kuliandika tangu Jumatatu. Niliogopa. Ile keki ya limau walikuwa wameanza kuisahau, na Pasaka iliyopita LaVonne alinitambulisha kwa mgeni akasema, "Huyu ni mtu wetu." Niliipata sentensi hiyo kwa miaka ishirini na mitatu ya kukata nusu na kukataa kahawa mara mbili. Sikutaka kuipoteza kwa kipande cha sahani.

Nikamwangalia Arvid. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiizungusha kofia polepole, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka kidogo kutoka kwenye goti. Kisha ukarudi chini.

Nikaandika jina langu. Nikabonyeza. Mashine ikatoa karatasi, nami nikatembea mpaka ukutani, nikaibandika kwa pini mbele ya watu kumi na wanne.

"Nimechukua kile cha mwisho," nikasema kwa sauti.

Curtis alishusha pumzi. Mtu mmoja akakohoa. LaVonne Brekke akanitazama kwa lile tabasamu lake, ambalo lilikuwa limenisubiri miaka yote hiyo bila kuchakaa.

"Haya," akasema, "kumbe ulikuwa unakitaka."

Katika dakika mbili ofisi ilikuwa tupu. Nje nilimsikia Duane akimwambia mtu kwamba watu wengine ndivyo walivyo, hawawezi kujizuia. Nikarudi kwenye boksi nikala na kile kipande cha donati.

Mtu wa msumeno alifika Jumamosi saa mbili. Arvid akamnywesha kahawa, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamrudisha alikotoka. Shamba la sola likajengwa. Bili zikashuka, za LaVonne zikashuka, za mchungaji zikashuka, na kila Jumapili juu ya keki ya limau walinisengenya kwa sauti ya upole kwa kutumia umeme niliowapatia. Nilikuwa tena Twila yule. Safari hii Twila yule wa paneli.

Arvid hakuniambia lolote mpaka Oktoba, majani ya mti wake yalipokuwa mekundu. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kanisa.

"Nasikia ni wewe uliyechukua," akasema, kana kwamba siku ile hakuwepo.

"Ni mimi."

"Mh." Akatazama maegesho ya magari. "Labda kulikuwa na mtu aliyeihitaji."

"Alikuwepo," nikasema.

Hakuuliza ni nani. Akavaa kofia yake akaenda zake, nami niliudhika wiki nzima. Usiku na mchana nilimjibu kichwani, kwa Kiswahili, maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Kisha ikaja Machi. Theluji ikaanza kulegea, na moshi wa Arvid ukaonekana nyuma ya nyumba yake. Kila mwaka anagawa chupa za sharubati kwa majirani na kwa kanisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa kwenye orodha yake. Alhamisi moja akaingia ofisini. LaVonne alikuwa tayari kaunta, amekuja kulipa bili yake ndogo. Arvid akampita, jambo ambalo kwa hapa ni karibu na jinai, akaweka chupa mbele yangu.

"Nimeshagawa zote," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho."

Akaangalia juu ya bega langu, kwenye ile orodha ambayo bado ipo ukutani.

"Nikasema nikuletee wewe. Wewe hutaniambia hapana."

Sikumwambia hapana hata mara moja. Nikaifungua pale pale, nikamimina kidogo kwenye kikombe changu cha kahawa kilichokwisha, nikanywa yote. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Arvid alisimama akinitazama mpaka nilipomeza, na LaVonne nyuma yake akazihesabu upya pesa zake.

"Vipi?" Arvid akauliza.

"Tamu sana, Arvid."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Mti umetoa utomvu mwingi mwaka huu," akasema, akavaa kofia.