Watu wa Nyumba Mbili

Mzee Bashiru alionyeshwa kiti, hakukitaka. Alisimama mlangoni mwa steshenari ya Sihaba, Kibiti mjini, matope ya bondeni yamemkaukia miguuni.

"Umetufanya nini, wewe mtoto?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba sina leo. Wa kijiji cha Mtawanya wamepigiwa simu wakachukue mbegu. Sisi tuliofagiliwa na maji, kimya. Watu wanasema umeyauza majina yetu."

Sihaba aliona uso unamwaka kama aliyezabwa kofi. Majina yale aliyajaza kwa mkono wake, mtu mmoja mmoja, kwenye fomu ya mtandaoni ya mradi wa mbegu. Kila alipotuma, skrini ilijibu: Asante, taarifa zako zimepokelewa. Na mbegu zenyewe ni za mlao, zinazotiwa ardhini maji yakishajivuta, udongo ungali mbichi. Ukichelewa wiki mbili, unapanda kwenye tofali.

Akafunga duka, akakwapua daftari lake la majina, akavuka barabara hadi ofisi ya mradi kuuliza majina ya watu wa bondeni yameishia wapi.

Kheri, fundi wa kompyuta wa pale, hakuinua hata macho. "Dada, huko kwenu mtandao unasumbua."

"Kwetu wapi? Duka langu lile pale. Nikikohoa unasikia."

"Basi mlikosea kujaza."

"Aliyejaza ni mimi. Nichapie majina yaliyofika."

Akachapa kwa kujivuta. Sihaba akailaza orodha kando ya daftari, akateremka na kidole. Siku moja, kompyuta moja, kiti kimoja: wa Mtawanya yumo, wa Mahege yumo, Bashiru hayumo. Wa Mahege tena yumo, Salama wa bondeni hayumo. Mtandao gani huo unaochagua watu? Akarudia toka juu, na safari hii akaona. Arobaini na mmoja walikosekana, na wote walikuwa na nyumba mbili: moja juu kijijini, na dungu bondeni, kibanda cha miguu mirefu wanachohamia msimu wa kulima. Fomu iliuliza una makazi mangapi. Naye alijibu kweli.

"Jaza wewe," akamwambia Kheri. "Weka makazi mawili."

Kheri akaandika kijiji, akachagua mawili. Pale pale kisanduku cha kijiji kikajifunga, kikawa kijivu, jina linaonekana ndani.

"Nilikiweka hivyo mimi, mtu asije akaandika vijiji viwili."

"Na kikijifunga, kilichomo kinasafiri?"

Kheri akaingia kwenye seva, zinakopokelewa fomu. Jina limefika, simu imefika, ekari zimefika. Kijiji hakipo. Kisanduku kilichofungwa hakitumwi. Kipo kwa macho tu. Na programu inayopokea kule kwenye seva ilikuwa imeagizwa: asiye na kijiji, tupa.

"Inatupa kimya kimya?"

"Ndiyo."

"Halafu inamwambia asante."

"Ile asante, dada, inatokea kabla ya..."

"Sikuuliza inatokea lini. Nimeuliza nani aliyeiandika."

Kheri alibadilisha mistari miwili ya programu, dakika kumi hazikutimia. Dakika kumi, na watu wazima wanaambiwa hawajui kujaza! Sihaba akamsomea daftari, Kheri akaandika, mpaka wa arobaini na mmoja akaonekana kwenye orodha.

"Haya, imekwisha," akasema Kheri.

"Na waliojaza kwa simu zao, kule Ndundu, kule deltani? Daftari lao liko wapi?"

"Hao hawapatikani. Kilichotupwa kimetupwa."

"Basi waandikie barua, yenye muhuri. Iseme kosa ni la fomu, wajaze upya. Mimi mwenyewe nitawapelekea wenyeviti wa vijiji vyao."

"Hilo mpaka mkuu wa ofisi."

"Mwite."

Mkuu alikuja saa tisa, ameshiba, mpole kupita kiasi. Barua aliyoichapa Kheri aliisoma mara mbili, akatoa kalamu, akakata neno kosa, juu yake akaandika changamoto. Katika ofisi hizi hakuna kosa, nchi nzima ina changamoto tu.

Sihaba akaisukuma karatasi ikarudi kwake. "Mimi nimeitwa mwizi, mzee. Andika kosa."

"Binti, ni lugha tu ya kiofisi."

Sihaba akavuta kiti, akaketi, daftari mapajani. Wakamngoja achoke. Hakuchoka. Saa kumi na moja alikuwa juu ya bodaboda anaelekea Ndundu, barua mkobani imepigwa muhuri, na kosa limo mstari wa kwanza.