Namba Moja ni Koti

...basi namba nne ni Tumbako, hapo hatugombani, Baba ameinua vidole vinne juu ya blanketi anangoja nikubali, nimekubali, awe Tumbako, yule mwigizaji tuliyemwita hivyo kwa kuwasha sigara kila anapotaka kudanganya, akimdanganya polisi anawasha, akimdanganya mke wa tajiri anawasha, na marehemu mama yangu Benta, Msabato kweli kweli, alikuwa akipita nyuma ya banda letu la video pale Rongo akiuliza kwa sauti kama huyo mzungu hana mama, na mimi nimekaa benchi la mbele, miguu haifiki chini, namtazama mzungu wa kijivu kwenye televisheni akisema Kiswahili na kuchanganya Dholuo kwa sauti ya baba yangu, maana filamu zote zile za zamani, za mitaa yenye mvua na bastola na makoti marefu, Baba alizizima sauti akashika maiki akasema yeye, wauaji yeye, polisi yeye, wanawake yeye, mbwa akibweka ni yeye, na sasa daktari anataka kumtoa hiyo sauti, kesho asubuhi, yote, anasema uvimbe umeshika kisanduku cha sauti kizima, kikitolewa atapona na atapumulia tundu hapa shingoni, kisipotolewa uvimbe utamziba pumzi kabla ya Krismasi... Sista Dorah ameanza kuzunguka na kitoroli chake kule mlangoni, wodi ni ndefu lakini si ndefu hivyo, akifika kitanda hiki atataka jibu, ndiyo au hapana, mimi ndiye nimeambiwa nimshawishi mzee, na mimi huyu hapa nawapanga wazungu waliokufa zamani kana kwamba kuna mtu atawapa kikombe.

Twende namba tatu. Namba tatu ni Kofia, nimesema, na namba mbili ni Mwalimu, kwa sababu Mwalimu alikuwa anajua kuongopa kwa upole, anaongea kama anayesomea watoto imla, pole pole, na wewe unajua kabisa ameua mtu na maiti iko kabatini lakini unataka akae, anywe chai, na hilo si jambo dogo kwa mwigizaji, mtu kukufanya umhurumie wakati hastahili... Baba anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Kwani nini? Kofia ana nini zaidi ya hiyo kofia? Mtu mzima filamu nzima jicho moja halionekani, Baba, hata mimi nikijifunika kitambaa nusu ya uso nitaonekana nina siri... Anapiga ulimi ile ya kudharau, tsk, anavuta ncha ya blanketi la hospitali mpaka inafunika jicho la kushoto, anaweka kidevu kifuani, kisha pole pole, Mungu wangu, pole pole anageuza shingo peke yake, mabega yametulia, anamtazama mzee Gisiri wa kitanda cha pili kwa hilo jicho moja lililobaki, na Gisiri, mkulima wa tumbaku kutoka Ntimaru ambaye hajawahi kuliona banda letu wala kumsikia Kofia, anarudi nyuma kwenye mto wake kama anayedaiwa. "Ai! Mzee, usiniangalie hivyo, mimi sijakukosea!" Halafu anacheka, anashika tumbo lenye bendeji, "usinichekeshe, nitafumuka nyuzi," anacheka tena, na Baba analishusha blanketi, ananiinulia vidole viwili, haya, sawa, nimeshindwa, Kofia wa pili, Mwalimu wa tatu, umefurahi? Amefurahi. Mtu wa kesho kukatwa koo amefurahi.

Lakini namba moja haina kesi, namba moja ni Koti tangu nikiwa darasa la pili, na kwa ajili ya Koti ndiyo nimeegemeza simu kwenye thamosi, jana niliitafuta filamu yake mpaka nikaipata, na sauti yake yenyewe, ya huko kwao, kitu ambacho sijawahi kukisikia, waya mmoja wa sikio kwangu, mwingine kwa Baba, Koti ndio anatoka jela, anatembea kando ya maghala, maghala ambayo Baba aliyaita gati la Homa Bay na sisi tukaamini, leo nikichungulia dirishani gati lenyewe ni hilo pale na halifanani hata kidogo, na filamu inakaribia mwisho, mlango wa mke wake, namngoja aseme maneno yake, nikiyasikia labda nitapata pa kuanzia... simu inaita, Koti anapotea, ni Chrispine, kaka yangu, yuko Migori kwenye duka lake la mabati na anadhani mambo yote yanapimwa kwa futi.

"Emma, mzee amekubali?"

"Bado."

"Bado nini? Si umwambie tu?"

"Njoo umwambie wewe."

"Mimi alinisikia lini? Wewe ndiye mtoto wa video."

Mtoto wa video, haya, nimekata, na nilichoshindwa kumwambia Chrispine ni kwamba jana nilijaribu, kabla hawajamwingizia ile kamera kooni na kumkataza kuongea, nilimwambia Baba, kubali, akaniambia kwa kile kikwaruzo kilichobaki, nyathina, mwanangu, mimi niliwasomesha kwa mdomo huu, video ilipokufa watu wakaanza kutazama kwa simu nikapanda gari la spika, nani Rongo amezikwa bila mimi kutangaza, nani ameuza ng'ombe kwa mnada bila mimi, sasa unataka nirudi niwe mbuta kwenye meza ya samaki, mdomo wazi na hakuna neno? Nikamrekebishia mto. Hata mimi nilikuwa nakataa, nataka apone na nataka sauti ibaki, ile sauti iliyonifundisha wanaume husemaje wanapopenda na husemaje wanapoogopa, mama amekwenda, banda ni duka la dawa za mifugo sasa, ikienda na sauti nitabaki na nini, najua ni uchoyo, najua, lakini ndivyo nilivyo leo.

Sista Dorah amemaliza upande ule, anavuka. Rudisha filamu. Haya, mlango huu hapa. Mvua. Gari la polisi nyuma yake, taa zimewashwa, wanamngoja, mke amefungua na Koti amesimama kizingitini, sasa, sasa hivi, nayajua kwa moyo, nimerudi si kwa kuwa nina haki ya kurudi, nimerudi kwa kuwa njia nyingine zote nilizijaribu zikanileta hapa, niwekee uji, hata kama nitaunywa nimesimama, akina mama wa banda zima wakivuta kamasi hapo, mimi nikilia bila kujua nalilia nini... hasemi. Mvua tu sikioni. Nabonyeza kuongeza sauti, mvua inaongezeka. Hasemi. Mdomo umefungwa kabisa, na namgeukia Baba, na Baba ananitazama na tabasamu la mwizi wa sukari, anajigonga kifua kwa kiganja, mimi, anasema kile kiganja, hayo yalikuwa yangu, na bila shaka ni yake, mjinga mimi, mzungu gani wa New York anaulizia uji? Miaka yote nimempa namba moja mtu kwa maneno aliyopewa na baba yangu, nasikia hasira, nasikia kama nimeibiwa kitu kwenye mkoba, basi Koti ashuke, ashuke chini ya Tumbako... lakini ngoja. Rudisha nyuma kidogo. Anavua kofia, maji yanamtiririka, taya linaanza neno na linaliacha, halafu anafanya kitu ambacho sikukiona hata siku moja kwa sababu nilikuwa nasikiliza, anapangusa viatu. Kwenye kijizulia cha mlangoni, mguu huu, mguu ule, kwa makini, viatu vya kuingia ndani ya nyumba ambayo hataingia, polisi wako pale nyuma, mke wake anaviangalia vile viatu, na mimi nalia kuliko nilivyowahi kuulilia ule uji.

Gari la spika hatapanda tena, hilo sitamdanganya, na nitalia siku ya kwanza atakapotaka kuniita kutoka jikoni nisisikie kitu, nitalia sana, lakini nani ameshinda ubishi wa Kofia? Nani amemtisha Gisiri akamchekesha mpaka akahofia nyuzi zake? Tangu asubuhi mtu huyu hajatoa neno hata moja, amekatazwa, na tumegombana, amenidharau, amenishinda, amenionyesha yaliyo yake na yasiyo yake, na mimi nimekuwa nikimjibu wakati wote bila kukumbuka kwamba hasemi.

Sista Dorah yuko kwa Gisiri, anafungua bendeji, "umecheka nini wewe, angalia hii damu," na Gisiri anakinyooshea kidole kitanda chetu, muulize huyo mzee, na kwenye simu Koti bado yuko kizingitini nilipomsimamisha, mguu mmoja juu ya zulia, na Baba anagusa mkono wangu, anainua kidole kimoja, nyusi juu, ananiuliza namba moja ni nani, na nimemsikia, nimemsikia vizuri kabisa, nautoa waya sikioni mwake, nautoa na wangu, nasogeza kiti, kubali, Baba, naanza, kubali tu...