Picha ya Fundi Aliyelala

Nesi hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida. Kwenye kliniki alikofanya kazi, wagonjwa walimjua kwa mlio wa viatu vyake kabla hajatokeza mlangoni, na nyumbani mdogo wake alizoea kumwambia, "Dada, kaa basi, kiti hakina miiba." Lakini asubuhi ile, baada ya kusoma maoni yaliyoachwa chini ya makala mpya kwenye blogu yake, hata kusimama mahali pamoja kulimshinda. Aliizunguka meza, akaenda jikoni, akafungua jokofu, akalifunga bila kutoa kitu, akarudi kusoma tena.

"Huyu uliyemweka hapa ni dada yangu," mtu alikuwa ameandika. "Hana kifafa wala hajawahi kuwa nacho. Umemharibia. Kama una utu, mpigie." Halafu namba ya simu.

Makala ilihusu kifafa. Nesi alikuwa ameiandika kwa uchungu, maana mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao, alikuwa nacho tangu utotoni. Kitinda alikuwa sasa kijana mwenye ndevu, anasanifu mabango ya biashara kwa kompyuta pale sebuleni, anameza dawa zake kila siku, na degedege zilimjia kwa nadra. Wateja wake hawakujua, na yeye hakuona haja ya kuwatangazia.

Nesi alieleza yote kwenye makala ile: kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba povu la mgonjwa si sumu, kwamba mtu akianguka usimtie kijiko mdomoni, umlaze ubavu na ukae naye. Juu kabisa aliweka picha ya mwanamke aliyeangukia cherehani, shavu limegusa meza, mkono unaning'inia. Ilimtoa machozi alipoiona, akajua itawatoa wasomaji pia.

"Kitinda!" aliita. "Njoo usome hapa."

Kitinda alisoma huku amesimama, kisha akavuta kiti. Ndiye aliyemfundisha dada yake mambo ya picha. Zamani Nesi alikuwa akichota picha popote anapozikuta mtandaoni, kama mtu anayechuma maua barabarani, mpaka siku moja mpiga picha fulani akamwandikia kwa adabu kavu: picha ni yangu, sikukupa, iondoe. Nesi aliona haya hadi masikioni. Hapo Kitinda akamwonyesha kwamba zipo hifadhi za picha ambazo wenyewe wameziachia kwa leseni huria, yeyote azitumie mradi afuate masharti. Nyingine zinataka jina la mpiga picha tu. Nyingine zinakataza biashara. Nyingine hazitaki picha iguswe hata kidogo. Tangu hapo Nesi alizisoma leseni kama anavyosoma karatasi ya dawa, neno kwa neno, na kwenye kliniki akawa anawasumbua wenzake wakituma picha za watu bila kutaja mwenyewe.

"Jina la mpiga picha umetaja?" Kitinda aliuliza.

"Nimetaja."

"Kiungo cha leseni?"

"Kipo, kibonyeze uone."

"Na ulipoikata, umesema umeikata?"

"Nimeandika kabisa: picha imekatwa upande wa kushoto."

"Basi huna kosa, dada. Umefuata kila kitu."

"Sasa mbona naambiwa nimemharibia mtu?"

Kitinda aliivuta kompyuta. Alirudi kwenye hifadhi walikoitoa picha, akaifungua ile nzima. Upande wa kushoto, ule ambao Nesi aliuondoa ili picha ikae vizuri juu ya makala, kulikuwa na rundo la sare za shule zilizokunjwa, refu kumpita fundi mwenyewe, na kikombe cha chai kilichobaki nusu. Mpiga picha alikuwa ameipa jina: "Amemaliza kazi."

Nesi alilisoma jina lile mara mbili.

"Alikuwa amechoka tu," Nesi alisema polepole. "Mimi ndiye niliyempa ugonjwa."

Aliiondoa picha papo hapo. Lakini makala ilikuwa imeshasambaa. Watu walikuwa wameirusha kwenye makundi ya simu, na huko picha ilitangulia, maneno yakabaki nyuma. Wengi hawakufungua makala yenyewe. Waliona mwanamke na neno kifafa, wakatosheka.

Aliipiga ile namba akiwa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani.

"Ni wewe Nesi?" sauti ya mwanamke ilimuuliza, ya chini, isiyo na haraka.

"Ni mimi, mama. Nimepiga kukuomba—"

"Usiniombe kwa simu. Njoo. Nataka unione nikiwa macho."

Jumamosi waliondoka pamoja na Kitinda. Nesi alimkatalia mara ya kwanza na ya pili, lakini Kitinda alishavaa viatu. Njiani Nesi alirudiarudia maneno atakayosema, akayageuza, akayaanza upya, hadi mdogo wake akamwambia ameshayakariri hata yeye, amwachie aende kuyasema.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya maduka, na mlango wake ulitazamana na kinyozi. Ndani kulikuwa na cherehani nne. Moja tu ndiyo iliyokuwa na mtu. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshikwa kwa uzi shingoni, utepe wa kupimia umemzunguka mabegani. Ukutani, juu ya kioo cha wateja, palikuwa na msumari mtupu na mraba wa rangi mpya kuliko ukuta uliobaki.

"Shikamoo, mama," Nesi alisema.

"Marahaba. Kaeni." Aliwamiminia maji kwenye vikombe, akampa Nesi, akampa Kitinda, naye akabaki amesimama. "Unaona pale kwenye msumari? Picha ile ilikuwa pale. Yule mpiga picha aliniomba ruhusa, nikampa. Akaniletea yangu kwenye fremu. Wiki ile nilishona sare za shule nzima peke yangu, mtoto wa mtu hakukosa hata kifungo. Mteja akiingia nilikuwa namwonyesha, namwambia, ona, mimi nikipokea kazi nalala juu yake. Ilikuwa ndiyo bango langu." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Sasa anakuja mtu ananiuliza kama niliumia nilipoanguka."

Nesi aliugeukia ule msumari mtupu.

"Nilikuwa na wanafunzi watatu," fundi aliendelea. "Mama wa mmoja alikuja kumchukua mwanawe, hata hakuingia ndani, alimwita kutoka nje. Wa pili akamfuata mwenzake. Wa tatu anasema anaumwa. Jirani yangu mwenyewe ameniletea mafuta ya kunipaka utosini. Nikamwambia, wewe, tumekaa hapa miaka yote, umeniona lini naanguka? Ananiambia, usione aibu, ndugu yangu. Aibu! Mimi! Watu wamenipachika gonjwa chafu lile, lenye mapovu, na mimi sina hata homa!"

Kitinda aliweka kikombe mezani. "Gonjwa lenyewe ninalo mimi, mama," alisema.

Mkono wa fundi ulifika kwenye kikombe kile kabla ya akili yake. Alikivuta pembeni, mbali na vingine. Halafu akauona mkono wake umefanya nini. Alibaki amekishika, hajui akirudishe au akiache, na kwa mara ya kwanza tangu wafike uso wake ulipoteza ule ukali.

"Si kitu," Kitinda alisema. "Shangazi yetu alinitengea sahani mpaka nikamaliza shule. Nilikuwa naipenda, ilikuwa kubwa kuliko za wengine."

Nesi hakucheka. Sahani ile aliikumbuka, na hakuwahi kuipenda. Fundi alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshasamehe. Ila dada yangu hajasamehewa, ndiyo maana hakai."

Kweli Nesi alikuwa amesimama, anaviringisha uzi uliokatika kidoleni mpaka kidole kikageuka rangi. "Mama," alisema hatimaye, "leseni iliniruhusu kutumia picha. Mpiga picha aliitoa kwa hiari, na mimi nilifuata kila alichotaka. Nikaona basi, yameisha. Sikujiuliza hata kidogo kama aliye ndani ya picha ni mtu mwenye mtaa na majirani. Nilikukata sare zako, nikakuita mgonjwa. Nisamehe."

"Andika kwamba sina kifafa. Andika kwa herufi kubwa."

Nesi alitoa simu, akaanza kuandika. Mama huyu hana kifafa. Akafuta. Mama huyu ni mzima. Akafuta hilo pia. Kila alivyoandika, sentensi ilimgeukia mdogo wake aliyekaa pale, ikamwambia kwamba yeye ndiye mchafu.

"Imekuwaje?" fundi aliuliza.

"Nikikusafisha wewe namchafua yeye."

Kitinda alichukua simu. Aliandika bila kusita: Picha tuliyoweka mwanzo ilimwonyesha fundi aliyelala baada ya kushona sare za shule nzima. Haikuhusu makala hii, na tuliitumia bila kumuuliza. Tunamwomba radhi. Akamsomea fundi. Fundi alisikiliza, akasema arudie pale pa sare, akarudia, akatikisa kichwa kukubali.

"Na juu ya makala utaweka nini?" aliuliza.

"Mimi," Kitinda alisema.

"Hapana," Nesi akadakia. "Wateja wako, Kitinda. Fikiria kwanza."

"Nimefikiria tangu asubuhi ile ulipoita jina langu. Makala ni yangu, dada, kichwa kiwe cha mwingine kwa nini? Mama, nipige picha hapo kwenye cherehani. Simu yangu hii hapa."

Fundi aliishika simu kama anavyoshika kitambaa cha mteja, kwa ncha za vidole. Alimsogeza Kitinda kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akamnyoosha kola, akamwambia asikenue meno kama mtu anayeuza dawa ya mswaki. Akabonyeza. Akatazama, hakuridhika, akabonyeza tena.

"Sasa nahitaji ruhusa yako," Kitinda alimwambia.

"Ruhusa yangu ya nini? Uso ni wako."

"Uso wangu, picha yako. Aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Mimi nakubali nionekane; wewe lazima ukubali itumike, na useme kwa masharti gani."

Fundi alimtazama Nesi kuhakikisha kijana hatanii. Walikaa wote watatu juu ya simu moja, Kitinda akamweleza leseni moja baada ya nyingine. Nesi alimsihi achague iliyobana zaidi, isiyoruhusu kuguswa. Fundi akakubaliana na Nesi. "Isikatwe," alisema. "Hata kidogo. Ukitaka picha yangu, ichukue na cherehani zake." Kitinda alipenda iliyo wazi kabisa, lakini mwenye picha alikuwa ameshasema, na jina lake likaandikwa chini, mpiga picha, kwa herufi alizozikagua mwenyewe.

Yule aliyempiga fundi picha naye, Nesi alipomwandikia, aliongeza maelezo kwenye hifadhi kwamba picha isitumiwe kuonyesha maradhi. Zile zilizokwisha kusambaa hakuna aliyeweza kuzirudisha. Mwanafunzi mmoja wa fundi alirudi akiwa na mama yake, ambaye safari hii aliingia ndani. Mwingine alipata fundi mwingine. Wa tatu alikuwa anaumwa kweli, malaria.

Nesi alichapisha makala upya asubuhi ya Jumatatu iliyofuata, halafu akashindwa kwenda kazini kwa wakati. Alifagia palipofagiwa. Alisimama nyuma ya mlango wa sebule akisikia simu ya Kitinda ikiita. Aliyepiga alikuwa mteja wa mabango, mwenye duka la rangi, mtu wa sauti kubwa hata kwenye simu, na Nesi alisikia neno kifafa likitajwa.

"Ndiyo, ni mimi," Kitinda alimjibu. "Ndiyo, tangu mdogo… Hapana, mzee, kwa kompyuta hakiambukizi." Mteja akaongea kwa kirefu. Nesi alishika kitasa cha mlango, akakiacha, akakishika. "Mwanao? Ana miaka mingapi?… Kijiko? Hapana, hapana, msimtie kijiko. Subiri, mzee. Dada yangu yupo hapa hapa, najua amesimama nyuma ya mlango. Ongea naye."